Majina Yaliyozilemea Kompyuta

Borafya nimefanya naye kazi miaka mingi, yeye fundi wa kompyuta, mie Zeyana, katibu wa meneja, na nnakwambia sijapata kumuona akiifokea mashine. Hata ile Ijumaa printa ilipomtemea wino kwenye kanzu mpya, aliifuta kwanza printa, kisha ndo akajitazama mwenyewe. Ningekuwa mie ningeitupa dirishani, na kama ingemwangukia mtalii basi ndo riziki yake.

Ni Mtumbatu, mrefu, mkimya, kazi yake ni kuzunguka na begi la bisibisi. Kampuni yetu ina hoteli tatu: moja hapa Shangani, ambapo ofisi ziko ghorofa ya juu, moja Jambiani na moja Chwaka. Kompyuta zote za hoteli hizo mganga wao ni yeye. Na alizikuta na majina, maana meneja wetu wa zamani, Mungu amuongoze huko aliko, alikuwa na wazimu wa viungo. Kila kompyuta aliipa jina la kiungo, eti mgeni akichungulia kwenye skrini afurahi. Iliki. Mdalasini. Bizari. Ile ya mapokezi Jambiani akaiita Kungumanga. Sasa weye niambie, kiumbe gani ataitwa Kungumanga akakaa salama?

Na kweli hazikukaa salama. Jambiani chumvi ya pwani ilizila, Chwaka umeme ukikatika na kurudi ulizipiga, na hapa Shangani vijana wa jikoni walizichomeka flashi zilizojaa taarabu na virusi. Borafya huja, huifungua, huipuliza vumbi, huifuta yote na kuipiga windo upya, yaani ile Windows inayoiendesha. Mpaka hapo ni ufundi tu. Lakini akishamaliza, kabla hajafunga begi, huibadilisha na jina. Iliki akawa Salama. Mdalasini akawa Subira. Kungumanga, maskini ya Mungu, akawa Faraja.

Nilimuuliza siku moja tukinywa chai. "Borafya, kupiga windo nimeelewa. Jina nalo limekosa nini?"

"Halikumuafiki," akanijibu. Uso mkavu, hacheki.

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Nisijifanye sijui alichokuwa anakisema. Kwetu mtoto akiwa hapoi, leo homa, kesho degedege, hupelekwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mwalimu akapiga hisabu zake, akasema jina zito, limemlemea. Mtoto hupewa jina jingine. La zamani ndo basi, halitajwi tena hata kwa mzaha, kwa sababu likitajwa maradhi hurudi. Bibi yangu akiamini hayo kama anavyoamini kesho kutakucha. Mie siamini, niseme wazi, na hata ningeamini, ni kwa mtoto wa mtu. Kwa kompyuta? Astaghfirullah!

Basi tukakaa hivyo kwa raha zetu mpaka tukaletewa meneja mpya, Talib. Kijana wa mjini hapahapa, si mtu mbaya, ila anatembea kwa haraka kama amesahau kitu jikoni. Wiki yake ya kwanza akaufungua mfumo wa kusimamia vifaa. Huu ni mfumo unaozisajili kompyuta zote za kampuni, kila moja ikiwaka inajitambulisha humo, na bosi akikaa kwenye kiti chake anaona ipi iko hai na ipi haijaonekana. Talib akahesabu. Mfumo ukamwambia kompyuta sitini. Akashuka stoo kwa Bi Mashavu.

Bi Mashavu ni mtunza stoo wetu tangu hoteli haijapakwa chokaa. Mama wa watu, mpana, sauti yake inasikika mpaka Forodhani. Kompyuta zote zimeingia kwa saini yake. Akamwambia Talib zimo daftarini arubaini, na akamwonesha zilipo moja baada ya moja.

"Na ishirini nyingine?" Talib akauliza.

"Ishirini gani?"

"Zilizopotea, Bi Mashavu."

"Ala! Niibe kompyuta ishirini? Nizitoe vipi, ndani ya buibui?"

Sote tulicheka. Talib hakucheka. Akasema Alhamisi kuna kikao, na kama kompyuta hazijaonekana, Bi Mashavu aache funguo juu ya meza na maelezo mengine atayatoa polisi.

Mie nilidhani bibi huyu atavunja kitu. Nilipomfuata stoo nikamkuta amekaa baina ya katoni za sabuni, ameushika mtandio wake usoni, analia kimya. Bi Mashavu kulia kimya! Nilishindwa nikae au nikimbie.

"Zeyana," akanambia, "kazi nitapata nyingine, hata kuuza urojo nitauza. Lakini mwanangu anaolewa mwezi huu wa mfunguo. Watakuja wakwe waambiwe mama yake mwizi?"

Hapo damu ikanipanda. Nilipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Borafya, nikamkuta anapangusa kibodi kwa pamba ya masikio.

"Weye unajua kompyuta ziko wapi," nikamwambia.

"Hazipo," akasema. "Hazijapata kuwepo. Ukiipiga windo upya na jina jipya, mfumo unadhani amezaliwa mwingine. Unamsajili mpya, na yule wa zamani unamwacha palepale. Kila niliyemtibu yumo mara mbili."

"Yarabi! Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu Talib aliposema sitini."

"Na umenyamaza? Si uwafute hao wa zamani!"

"Ameninyang'anya ruhusa ya kufuta. Anasema asije mtu akaficha ushahidi."

"Basi sema! Mdomo hajakunyang'anya!"

Borafya akaiweka pamba chini. "Nikisema, itabidi niwataje."

"Uwataje akina nani?"

"Majina yao ya zamani. Yote. Mbele za watu."

Wallahi nilitafuta kitu cha kumpiga nacho. "Borafya! Bi Mashavu anakwenda kuitwa mwizi, na weye unaogopa kumtaja Bizari?"

"Hukupata kuugua weye," akasema, akarudi kwenye kibodi yake. Nilitoka nikaubamiza mlango, na siku zile zilizobaki sikumpa hata salamu.

Alhamisi ikafika. Kikao kilikuwa chumba cha mikutano, projekta imewashwa, ukutani mfumo wenyewe. Bi Mashavu alikaa mbele na buibui lake la sikukuu, funguo za stoo mapajani. Borafya alikaa nyuma kabisa. Talib akasimama na kijiti chake chenye taa nyekundu.

"Nitazisoma zilizopotea," akasema. "Anayejua lolote aseme. Ya kwanza, Iliki."

Hajamaliza kumeza mate, mlango ukafunguliwa. Shahida wa mapokezi akaingiza kichwa. "Samahani jamani. Borafya, Salama amezima. Wageni wamejaa pale chini."

Nilimtazama Borafya. Alikuwa ameyafumba macho. Najua mtasema umeme, au waya umelegea, na mie ndivyo nilivyosema moyoni, tena nilisema kwa haraka sana.

"Ya pili," Talib akaendelea, "Mdala..."

"Bwana Talib, nakuomba usizisome," Borafya akasema. Alikuwa ameshasimama. "Nitazitaja mwenyewe. Shahida, mlete Salama hapa."

Shahida akaileta ile kompyuta, imezima ti. Borafya akaipindua, tumbo juu, akamwita Talib aisome nambari iliyobandikwa chini. Talib akaisoma. Borafya akamwambia aitafute ile nambari kwenye mfumo. Talib akaandika, akabonyeza, na ukutani zikatoka kompyuta mbili. Iliki, yenye nambari ile. Salama, yenye nambari ileile. Iliki haikuonekana tena tangu siku Salama ilipojitambulisha mara ya kwanza.

"Windo hubadilika, jina hubadilika," Borafya akasema. "Hiyo nambari amezaliwa nayo. Iliki ni Salama. Mdalasini ni Subira. Kungumanga ni Faraja." Akaendelea hivyo, moja moja, na kila akitaja la zamani alipiga bismillahi chini kwa chini. Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa, na kiyoyozi kilikuwa kinatutetemesha sote. Talib akazipekua nambari zote huku anatingisha kichwa. Ishirini, na kila moja ina mwenziwe.

Nikadhani yamekwisha. Nikaanza na kuvaa viatu, maana nilikuwa nimevivua chini ya meza. Lakini Talib akakaa, akashika kalamu.

"Sawa. Sasa watu wa makao makuu wataniuliza swali moja. Kwa nini? Fundi gani anabadilisha majina ya kompyuta ishirini bila kumwambia mtu? Watasema mlipanga, weye na mtunza stoo, mchanganye hesabu mpate kuiba polepole. Nipe sababu nitakayoiandika."

Bi Mashavu akazikamata funguo zake.

"Mie mwenyewe nilibadilishwa," Borafya akasema.

"Ulibadilishwa nini?"

"Jina. Nilikuwa mdogo, kwetu Tumbatu. Degedege, homa, siwezi kushika hata kijiko. Baba alishanunua sanda, nimekuja kuiona mwenyewe nilipokuwa mkubwa, ilikuwa ndani ya sanduku. Mwalimu akasema jina limenilemea. Wakaniita Borafya, na ile wiki nikaamka nikaomba wali. Tangu siku hiyo sijaugua. Nimesoma kozi zote za kompyuta mlizonipeleka, bwana Talib. Lakini kilichoniponya mie ni hicho, na mashine ikiwa haiponi sina jingine la kuifanyia."

Hakuna aliyecheka. Na mie niliyecheka zamani nilikuwa natazama sakafu.

Talib alikuwa anaandika. Nnamjua, hakukusudia ubaya, aliuliza tu kama mtu anayejaza nafasi iliyobaki. "Na hilo la zamani lilikuwa nani?"

"Usimwambie!" Bi Mashavu akanyanyuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Akazitupa funguo mezani zikamfikia Talib kifuani. "Chukua! Mie nimeiba, haya, andika nimeiba! Borafya, mwanangu, nyamaza. Usilitaje kwa ajili yangu!"

"Bi Mashavu," Borafya akasema, "nishanyamaza mara moja, na weye ukaitwa mwizi."

Akalitaja.

Alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida, akakaa chini. Nililisikia vizuri na nalikumbuka mpaka leo. Mie sitolisema, na msiniulize.

Talib aliiweka kalamu. Aliichana ile karatasi vipande vipande, akaviweka mfukoni. Kisha akawafuta wale wa zamani kwenye mfumo mbele yetu sote, mmoja mmoja, hakuwasoma kwa sauti, mpaka hesabu ikasimama arubaini. Akazichukua funguo kwa mikono miwili akamrudishia Bi Mashavu. "Unisamehe, mama." Bi Mashavu akamwambia kusamehe ataanza wiki ijayo, leo bado ana hasira.

Salama iliwaka, kwa habari yenu. Ilikuwa waya.

Asubuhi ya pili Borafya hakuja kazini. Saa nne Shahida akampigia simu, haikupokelewa. Adhuhuri tukapata habari kwa jirani yake kwamba ana homa, tangu usiku anatetemeka, hajala. Borafya! Mtu ambaye mafua yalipotulaza ofisi nzima, yeye ndo alikuwa anatuletea ndimu. Talib akasema ni mbu. Mie nikasema ni kile kiyoyozi, alilowa jasho kisha akakaa kwenye baridi. Bi Mashavu alifunga stoo mchana kweupe, jambo ambalo sijapata kuliona, akapita jikoni akachukua sufuria ya uji wa pilipili manga, akanambia, "Twende."

Anapanga chumba Mwembetanga. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilifungua mdomo nipige hodi, Bi Mashavu akanizuia kwa kiwiko. Akaiweka sufuria juu ya baraza, akashika kiuno.

"Borafya!" akaita.

Ndani tulisikia kitanda kikilia, basi.

"Borafya!"

Akanigeukia. Macho yamemjaa machozi. "Na weye ita! Kucheka unajua, kuita hujui?"

Nikaita. Mie, Zeyana, nisiyeamini mambo hayo, nilisimama kwenye kichochoro cha watu saa ya jua kali nikamwita Borafya mpaka mwanamke wa ghorofa ya pili akatoa kichwa kuuliza kuna moto. Nilimwita kwa nguvu, nikitaka lile jina la jana, kama liko humo chumbani, lisikie kwamba mwenyewe anaitwa vingine. Nilikuwa naogopa, nasema kweli yangu. Sauti ilinikauka na bado naita.

"Naam," akaitika kutoka ndani, chini chini.

Bi Mashavu akanyanyua sufuria yake. "Ita tena," akanambia, "asije akasahau." Akaingia na uji, na mie nikabaki pale mlangoni naita.