Virusi havionekani, lakini shabu ya somo ilinirudisha kliniki

Wakuu, salaam aleikum, wake kwa waume. Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, Unguja hii hii, na sijatia chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana mji wetu mdogo na kuta zina masikio.

Mimi ni fundi cherehani, Mji Mkongwe, umri thelathini na kitu. Naishi na VVU mwaka wa sita huu. ARV nameza kila siku baada ya isha, sijaruka, na kipimo cha wingi wa virusi kinarudi na jibu lile lile: havionekani.

Hilo neno lilinivimbisha kichwa, nasema ukweli. Nilijiona nimepona kila kona ya mwili.

Mwaka huu nikaposwa. Mchumba, nimwite Haji, ni fundi wa mafriji kutoka Mkokotoni. Hali yangu anaijua. Tulikwenda kliniki pamoja, akaelezwa kwamba nikiendelea na dawa hivi, simwambukizi. Akatuma wazee.

Sasa harusi za kwetu zina somo. Kwa wasiojua, ni mwanamke mkubwa anayemfunda bibi harusi na kumtayarisha mwili: singo ya kusugua ngozi, udi, na mengine yasiyosemwa mbele ya wanaume. Wangu ni Bi Kidawa wa Bwejuu. Alinifunda tangu nilipovunja ungo, na mama yangu alipofariki yeye ndiye akawa mama. Lakini hali yangu hakuijua. Tulijua mimi, Haji na kliniki, basi.

Akanipa kifurushi. Ndani mna shabu ya kusaga, yale mawe meupe ambayo vinyozi wanampaka mtu baada ya kumnyoa (wabara msinielewe vibaya, si ile ya kuvuta), pamoja na majani makavu ya kujifukiza. Akasema shabu niiweke kule ndani siku saba, nibane, nikauke. Eti mwanamke mwenye majimaji ni aibu kwa mume.

Nikafanya.

Siku ya tatu ikawasha. Nikampigia, akasema nivumilie, ndiyo inashika. Siku ya sita nikaona damu.

Wakuu, niliogopa. Harusi ilibaki siku kumi na mbili. Nilidhani dawa zimeshindwa, virusi vimeamka huko chini, na mimi ninakwenda kumharibia maisha mtoto wa watu.

Kliniki nesi alinipima, akaangalia na mlango wa kizazi kwa ile siki wanayopaka kutafuta saratani. Dalili hakuna. Kulikuwa na michubuko na maambukizi ya kawaida yanayotibika. Damu ikachukuliwa pia, na jibu lilipokuja, virusi bado havionekani.

Halafu akanieleza jambo ambalo miaka sita sikuwahi kuuliza. Dawa zinazima virusi na kinga inarudi, sawa. Ila kule ndani mwanamke ana ulinzi wake mwenyewe: ngozi laini, ute, bakteria wema, na askari wa mwili wanaokaa pale pale. Kwa baadhi yetu ulinzi huo unachelewa kutengemaa hata kama vipimo vya damu ni vizuri.

"Hayo majimaji unayoyakausha ndiyo ulinzi wenyewe," akaniambia. "Dawa inajenga, wewe unabomoa."

Akakataza shabu, mafusho, sabuni na ndimu huko ndani. Na hakuna tendo la ndoa mpaka nipone na nirudi kuangaliwa. Haji nilimwambia siku ile ile. Akasema tutangoja, kwani tunakimbizwa na nani. Nilimpenda zaidi.

Akabaki Bi Kidawa.

Akaja na kifurushi cha pili. Nikasema nimekatazwa hospitali. Akanuna, akasema hao hospitali hawajui ndoa, na kama simtaki tena kuwa somo wangu nimwambie wazi. Akashika mkoba wake aondoke.

Nikaona potelea mbali, kama kumpoteza basi nimpoteze kwa ukweli. Nikamwambia yote: VVU, dawa, damu, maneno ya nesi.

Akakaa chini. Nilitegemea kilio, au maswali ya nani kaniambukiza. Hakuuliza hilo. Aliuliza kama shabu inamdhuru mwenye VVU peke yake.

Nikamjibu hapana, inamchubua mwanamke yeyote, na aliyechubuka virusi vinampata kwa urahisi zaidi.

Akauweka mkoba chini.

"Mwanangu," akasema, "wangapi walonambia inawasha, n'kawaambia vumilia?"



Harusi tulifanya siku ile ile iliyopangwa. Singo alinisugua mwenyewe, na udi akafukiza nguo tu. Sasa nimepona, namshukuru Mungu.

Funzo langu: damu kuwa safi si ruhusa ya kuharibu pengine. Dada zangu mlio kwenye dawa, mwambieni nesi mnachoweka huko. Hawaulizi kwa sababu hatusemi. Na kipimo cha mlango wa kizazi msikikwepe kama nilivyokuwa nakikwepa mimi.

Mliopitia haya semeni hapa, na wanaume pia ulizeni. Ila mwenye kutaka kumtukana Bi Kidawa apite mbali na uzi huu. Tangu harusi yangu anawazungukia mabibi harusi wake wa zamani, mlango kwa mlango, akianza na wale waliomlalamikia. Ameshafika kwa wanne. Wawili amewapeleka kliniki mwenyewe, akakaa benchi la nje kuwangoja.