Mrija wa Leonidasi

Theodosia alimwaga mkoba wake wote juu ya kaunta ya Shamsi. Mkasi, futi ya kupimia, nyuzi, daftari moja, daftari la pili. La tatu halikuwemo.

Shamsi, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi mjini Kasulu, alimwambia asihangaike, waanze na hayo mawili. Theodosia hakumsikia. Lililokosekana lilikuwa la mipango.

Majirani walimjua kama Mama Jeanne, fundi wa sare za shule. Shamsi peke yake ndiye aliyejua kwamba fundi huyo ndiye N. Nduwayezu, mtunzi wa vile vitabu vyembamba vya upelelezi ambavyo abiria wa Kibondo hununua stendi wakisubiri gari liondoke. Asubuhi alishona, mchana, sare zikisubiri vifungo, aliandika. Alikuwa na desturi moja: hakuweza kumwandika mtu mpaka amwazimie jina na mwendo wa mtu anayemfahamu. Jina la kubuni, alikuwa akisema, halitembei. Kwa hiyo daftari la mipango lilijaa majina halisi, naye aliyabadilisha siku ya kuchapa.

Safari hii aliyepangiwa kufa alikuwa jirani yake Leonidasi, mnunuzi wa maharage. Jana yake Theodosia alikaa ghalani kwa Leonidasi, juu ya gunia, akijidai anapumzisha miguu, kumbe anatazama jinsi anavyoushika mrija wa pombe kwa vidole viwili. Daftari lilibaki pale. Ndani yake, kwa mwandiko mzuri unaosomeka, aliandika hivi: Leonidasi anakufa Jumamosi. Fidele anaonja pombe kwanza, kama ilivyo desturi ya aliyeileta, nayo ni salama. Sumu imo ndani ya mrija wa kaka yake.

Fidele alikuwa mdogo wake Leonidasi wa tumbo moja. Na leo ilikuwa Jumamosi.

Alichukua bodaboda. Njia nzima aliona cherehani yake ikivunjwavunjwa na yeye mwenyewe akiburutwa barabarani. Mtu aliyeandika jina lako na siku ya kufa kwako, nani atampa nafasi ya kujieleza?

Ghala lilikuwa limefungwa. Aliwakuta nyumbani, uani. Ndugu wawili wamekaa, chungu cha pombe ya mtama katikati, mirija miwili ndani yake, na hakuna anayekunywa. Daftari lilikuwa mapajani mwa Leonidasi.

"Keti, Mama Jeanne," alisema. "Leo ni Jumamosi."

Theodosia alikaa, akijiandaa kutukanwa. Badala yake Leonidasi alianza kumshukuru kwa kumwonya. Alisema hakulala tangu alipolisoma. Asubuhi alimtaka Fidele alete pombe kama kawaida, na Fidele akaonja mbele yake, sawasawa na ilivyoandikwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa njiani. Mama Jeanne aeleze tu mpango huo aliusikia wapi.

Hapo Theodosia aliogopa kuliko alivyoogopa njiani. Akinyamaza, yeye angetoka salama, na Fidele angeondoka uani pale akiitwa muuaji. Fidele alimtazama tu, macho mekundu.

"Sikusikia popote," Theodosia alisema. "Nimetunga. Mimi ndiye Nduwayezu wa vile vitabu vya stendi."

Leonidasi alicheka kidogo, bila furaha. "Fundi wa kaptura? Na ugomvi wetu wa shamba la Rungwe Mpya umeutunga wewe?"

Ugomvi huo hakuutunga. Aliuchukua kama ulivyo, kwa sababu muuaji lazima awe na sababu. Akanyoosha mkono, akaushika mrija wa Leonidasi.

Je, kama alikuwa amekisia kweli? Alikuwa amekiandika kifo kile vizuri mno, hata yeye mwenyewe alikiamini. Akafumba macho, akavuta mafunda matatu.

Wote watatu walisubiri. Pombe ilikuwa kali, ya kawaida. Theodosia alihesabu mapigo ya moyo wake mpaka akapoteza hesabu, na bado alikuwa amekaa. Ndipo Leonidasi alipomnyang'anya mrija, akaufuta kwa kiganja na kunywa kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Fidele hakunywa. Alichukua daftari, akachomoa kalamu mfukoni na kumpa Theodosia.

"Futa," alisema. "Mwenyekiti asinikute humo."

Theodosia alifuta jina la Fidele kila ukurasa, mbele yao. Siku hizi huanza na majina ya kubuni, na kazi huenda polepole. Akipita kwa Fidele hukaribishwa vizuri. Fidele huonja pombe mara mbili, kisha hung'oa mrija wake mwenyewe chunguni na kumpa yeye, akimkazia macho mpaka anywe.