Unamchekea Nani, Baba Zuhura?

Jumamosi moja jioni, mimi na mke wangu tulikwenda kupigwa picha chini ya miamba ya Masasi. Tuliwakuta mume na mke, wakulima wa korosho kutoka Makote. Mpiga picha, dada mchangamfu, aliwasimamisha wakiligeuzia jua mgongo ili mabega yao yang'ae, kisha akawasha flashi kuwaondolea giza usoni. Picha ilitoka nzuri sana. Mke aliiangalia kwenye kamera, akanuna.

“Baba Zuhura, unamchekea nani?”

“Naitazama kamera, mama.”

“Kamera ina mwenyewe. Mimi nyumbani sichekewi hivyo!”

Yule dada akashusha kamera. “Samahani, mama. Safari hii baba akutazame wewe.”

Mume akamgeukia mkewe. Flashi ikamulika mara ya kwanza, ikamulika tena, naye hakuondoa macho. Mama Zuhura akajifunika mdomo kwa khanga, akanong'ona, “Basi, watu wanatuona.”

Nilikuwa nacheka peke yangu mke wangu aliponivuta shati.

“Na wewe, tangu tufike huondoi macho kwa dada wa watu. Una nini?”

Wivu wa jirani unachekesha, ndugu zangu, mpaka ubishe hodi kwako.