Akaunti Moja na Shemeji

Alianza kuniita shemeji kabla barua ya posa haijafika nyumbani. Hilo ndilo la kwanza ambalo sikulipenda.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Usa River kwa sababu ya kazi. Nafanya kazi kwenye shamba la maua, upande wa kupanga madaraja. Waridi linafika mbele yangu, nalitazama shina kama limenyooka, nageuza majani kama yana wadudu, kisha naliweka kwenye fungu lake. Kazi hiyo inanifaa kwa sababu hakuna anayenitaka niongee. Yeye alikuwa na duka la simu karibu na stendi ya pale pale. Siku moja dada yangu alikuja kunitembelea, simu ikamdondoka akishuka kwenye gari, kioo kikapasuka, akaingia dukani kwake kubadilisha. Yaliyofuata sikuambiwa. Nilichokuja kuambiwa ni kwamba kuna mtu anataka kuja nyumbani.

Nyumbani kwetu ni Elerai. Sisi ni Waarusha, na yeye kwao ni Kilimanjaro. Binti wa kwetu akitakwa, wazee hawakimbilii kuitikia. Kwanza wanamchunguza anayemtaka, polepole, bila yeye kujua. Safari hii kazi hiyo iliniangukia mimi.

"Wewe uko naye kule kila siku," baba aliniambia. "Na kazi yako si kutafuta kasoro kwenye maua?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mtafutie na huyu. Tusije tukachinja mbuzi hapa, kumbe mwenzetu ana nyumba nyingine huko."

Dada alisikia kutoka jikoni. "Baba, huyu hata kuuliza bei ya soksi anaona aibu. Atamchunguzaje mtu?"

"Ndiyo maana nimemchagua," baba akasema. "Hakuna atakayemshtukia."

Nikaanza kupita dukani jioni. Nanunua vocha, nasimama kidogo, naangalia makava ya simu ambayo siyahitaji. Siku moja akafungua droo akanipa kadi ndogo inayong'aa.

"Shem, hii yako. Kadi ya zawadi. Unanunulia nyimbo kwenye simu. Nimepewa na jamaa ninayechukua kwake mzigo wa jumla."

Nilisema asante. Moyoni nilijiuliza mengine. Mtu wa biashara anatoa kitu bure, tena kwangu, tena wiki ambayo nimeanza kumchunguza. Nilidhani ananinunua. Kisha nikajaribu kutafuta wimbo pale pale, simu yangu ikakataa, ikawa inaomba akaunti, nami sikuwa nayo. Akaichukua mkononi mwangu.

"Ya kwako itakusumbua. Nakuwekea ya kwangu, tutatumia moja." Akaikwangua kadi kwa kucha ya kidole gumba, akaingiza namba. "Haya, pakua unachotaka mpaka iishe."

Nilirudi chumbani nikiwa na wasiwasi zaidi. Kama akaunti ni yake, maana yake kila nitakachopakua atakiona. Mimi nimetumwa kumchunguza, na yeye sasa ananichunguza kutoka mfukoni mwangu. Kwa hiyo nikaanza na kwaya. Nilipakua nyimbo za ibada, hata moja ya mazishi, ili aone natoka kwenye familia yenye heshima.

Lakini nyimbo ninazozipenda si hizo. Napenda taarabu, hasa mipasho. Huku kwetu ukisema hivyo wewe ni mwanaume, watakucheka mpaka uhame. Vijana wa kazini wanasikiliza singeli na bongofleva. Taarabu wanasema ni ya akina mama wa pwani, ya kuchezea na khanga kwenye sherehe za jikoni. Mimi naipenda kwa sababu mle ndani mtu akisemwa anajibu. Anashika kipaza sauti, anajibu taratibu, kila neno mahali pake. Mimi nikisemwa, jibu langu linakuja kesho yake nikiwa naoga.

Nilijizuia siku chache. Halafu nikapakua mmoja, na baada ya huo nikashindwa kusimama mpaka kadi ikaisha. Uliokuwa ukinirudisha kila mara ni wa mama mmoja anayewaambia majirani zake: "Mlango nimeufunga, wachungulia dirishani." Anapofika kwenye "dirishani" anakaa kimya kidogo, kama anayewapa nafasi ya kuona aibu.

Nilikuwa nausikiliza kazini, hedifoni sikio moja, ulipoisha simu ikaendelea yenyewe. Nikasikia sauti za watoto zinahesabu vifaranga. Wimbo huo sikuuchagua mimi. Nilipokwenda kutazama vizuri nikakuta kwenye akaunti kuna nyimbo nyingi za namna hiyo: za kupiga mswaki, za kuoga, za kulala. Mtu hajawahi kutaja mke wala mtoto, ana nyimbo za kumwogeshea mtoto.

Kuanzia hapo kila kitu chake kilinitia shaka. Jumamosi alifunga mapema akapanda basi la kwenda Moshi. Nyuma ya kaunta niliona mabuti madogo ya mvua, mekundu. Nilijaribu kujiambia ni ya biashara, lakini duka lake liliuza chaja na vioo vya simu, si viatu.

Jioni iliyofuata nilikwenda kununua vocha, akacheka kabla sijafika kaunta.

"Shem! Kumbe wewe ni mtu wa mipasho?"

Masikio yalinichoma. Akaona, akainama karibu.

"Usiogope, mzee hatajua. Na wewe kama umekutana na vya kwangu mle, viache vilivyo. Tunaelewana?"

Niliondoka bila vocha. Njiani ndipo nilipoelewa kwamba nimewekewa bei: aibu yangu kwa siri yake.

Baba aliponiuliza nimeona nini, nilisema bado natazama. Kumbe muda umekwisha. Jumapili iliyofuata baada ya ibada mwenye duka alikuja na mjomba wake, wakakaa sebuleni na baba na baba mkubwa. Mama alileta chai. Dada alikaa karibu na mlango, amevaa gauni jipya, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Mimi nilikaa kwenye kistuli nikifikiria kwamba nikinyamaza ataingia kwenye nyumba asiyoijua, na nikisema nitamharibia siku hii, halafu mimi nitatajwa na taarabu yangu mbele ya wazee.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mwishoni baba mkubwa akauliza, kama desturi, "Kuna mwenye neno?"

Nikanyoosha mkono, kama niko darasani. Mama nusura amwage chai.

"Zile nyimbo za watoto," nikasema, "ni za nani?"

"Nyimbo gani?" mjomba wake akauliza.

Yeye hakuuliza. Alinitazama, nami nikasubiri aniseme. Hakunisema.

"Ni za binti yangu," akawaambia wazee. "Ana miaka minne. Anaishi na mama yangu kule kwetu. Mama yake ameshaolewa kwingine."

"Na ulikuwa unangoja tuchinje ndiyo utuambie?" baba akasema.

"Nilimwambia binti yako, mzee. Tangu mwanzo."

Wote tukageukia mlangoni. Dada aliinua uso. "Nilijua, baba. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Nilitaka mumwone yeye kwanza kabla hamjaanza kumsema kwa mtoto."

Baba akashika kichwa. "Kwa hiyo nilipaswa kuchunguza wawili."

Baba mkubwa ndiye aliyeamua. Alisema mtoto si kasoro, ila kumficha mtoto ni kasoro. Akaletwe. Mpaka aonekane hapo nyumbani, hakuna mbuzi atakayeguswa.

Wageni walipoondoka dada alinifuata zizini.

"Ungeniuliza mimi."

"Nilidhani hujui."

"Ulidhani. Ulimchunguza mpaka viatu, mimi dada yako hukuniuliza hata neno moja."

Hilo sikuwa na jibu lake, hata kesho yake.

Mtoto aliletwa na mabuti yake mekundu. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa akainamisha kichwa ili aguswe, kama watoto wa kwetu, na hapo nikajua dada alikuwa amemfundisha siku nyingi. Wazee walilainika. Mama akampa maziwa, akamwomba aimbe anachokijua. Nilitegemea vifaranga.

Mtoto akaweka mkono kiunoni. "Mlango nimeufunga," akaimba, "wachungulia dirishani." Akakaa kimya kidogo, pale pale panapotakiwa.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Baba hakucheka. "Nani anamfundisha mtoto mambo haya?"

"Simu ya bibi," mtoto akasema.

Nilielewa kabla ya wengine. Akaunti ilikuwa moja kwenye simu zote: ya shemeji, ya mama yake, na yangu. Vifaranga vilipokuja kwangu, mipasho ilikwenda kwao.

Baba akamgeukia shemeji. "Hizi ndizo nyimbo unazomnunulia mwanao?"

Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli akajiokoa. Alitazama chini tu, akasema, "Zimeingia tu, mzee," na nikaona uso wa baba unaanza kujifunga.

"Ni zangu," nikasema. "Nilizinunua mimi."

Halafu dada akacheka, mara ya kwanza tangu ile Jumapili, na baba mkubwa akaniuliza kama na khanga ninayo. Nilichekwa siku ile yote. Mbuzi alichinjwa.

Mpaka leo sijui kama shemeji alinyamaza kwa wema, au alijua nitasema mwenyewe. Baadaye alimwekea baba ile akaunti kwenye simu, ili asikilize kwaya. Juzi nimekuta wimbo mpya wa mipasho umepakuliwa. Kadi yangu iliisha zamani, shemeji anaapa si yeye, na mtoto hajui kununua.

Namshuku mzee. Ila safari hii sichunguzi.