Sufuria ya Choroko kwenye Karamu ya Samaki

Kwetu kuna sufuria isiyojua samaki. Ni ya alumini, mfuniko wake umebonyea upande mmoja, na miaka yote nimekatazwa kuipikia chochote kilichowahi kupumua. Inakaa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitenge cha marehemu mama. Hushushwa mara moja tu kwa mwaka, siku ambayo chama cha baba cha wavuvi wa ndoano huandaa chakula cha jioni cha kuchangia wodi ya watoto.

Najua unachotaka kusema. Wavuvi, Tabora? Wageni kutoka Mwanza hutucheka mpaka wanashika mbavu. Sisi tuna bwawa la Igombe, tuna perege na kambale, na wanatutosha. Chama kilianzishwa na watu wawili: baba, aliyekuwa akifanya kazi reli, na rafiki yake Mhindi mwenye duka la vifaa karibu na soko. Baba ametoka Ipole, kwenye ukoo wa warina asali, lakini nyuki anawaogopa kama moto. Rafiki yake alikuwa Mhindu, mvuvi hodari asiyekula samaki. Walitaniana kwa hayo mawili kila Jumamosi, na sikuwahi kuwaona wakichoka.

"Mvuvi gani wewe, unamtoa majini halafu unamwonea huruma?" baba alikuwa akimwuliza.

"Na wewe nenda kwenu ukarine asali, tukuone," naye humjibu.

Mke wa rafiki huyo alikuwa mtu wa dini sana. Samaki hakuvuka kizingiti chake, hata harufu yake haikuvuka. Kwa hiyo mzee yule akitoka bwawani alipitia kwetu kwanza, akanawa kwenye bomba la uani. Mama alimkatia limao, mimi nikamshikia taulo. Alijisugua hadi viwikoni, akanusa vidole, kisha akaninyooshea mkono na mimi ninuse.

"Bado ipo?" aliuliza.

Nilisema ipo hata ilipokuwa haipo, ili asiondoke upesi. Nilikuwa mtoto, na nyumba yetu haikuwahi kuchangamka kama saa ile ya Jumamosi, baba akicheka na mama akijifanya amekasirikia maji yaliyomwagika. Saa ile naitamani mpaka leo, mama mzima nina wajukuu.

Samaki wake aliwaacha kwetu, na walituzidi. Mama akaanza kuwakaanga na kuwapeleka wodi ya watoto kwenye beseni, maana kulikuwa na akina mama waliotoka mbali kuuguza na hawakuwa na wa kuwaletea chakula. Karamu yetu ilianzia kwenye beseni hilo. Siku hizi kuna mapambo, kuna mshereheshaji anayepiga kelele, na samaki mkubwa kuliko wote hupigwa mnada. Ila sheria haijabadilika: kila mwanachama alete samaki aliyemvua mwenyewe, kwa ndoano. Sheria ya pili ni ya baba peke yake. Lazima iwepo sufuria moja ya choroko, kwa ajili ya mtu wake.

Mtu wake aliuza duka akahamia Kanada kwa wanawe. Siku ya kuagana alimwambia baba, "Nitakuja kwenye chakula." Mimi nilijua kwamba hayo ni maneno ya kuagana. Baba hakujua, au hakutaka kujua. Babu zake walitoka hapa na mizigo begani, wakatembea mpaka pwani, na wakarudi. Kwake yeye mtu akishasema anarudi, jambo limekwisha. Kilichobaki ni kumwekea chakula. Basi kila mwaka simu inapigwa, kila mwaka anaambiwa mwakani, na kila mwaka mimi napika choroko tunazila wenyewe.

Mwaka huu mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu macho ya baba yanazima. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Bado anauona uso wa mtu aliyekaa karibu naye kwenye mwanga. Uso wa kwenye simu hauoni kabisa, anaona mng'ao tu.

"Kumsikia namsikia kila wiki," aliniambia. "Nataka nimwone."

Nilitaka kumpigia rafiki yake nimweleze. Baba akanikataza.

"Aje kwa kutaka kuja, mama. Asije kunihurumia."

Yeye mwenyewe alimwambia tu kwamba kambale wa mwaka huu wamenenepa. Na yule mzee akajibu kwamba safari hii kweli anakuja.

Siku ya karamu niliipeleka sufuria ukumbini mapema, nimeisugua, na choroko nimezichagua jiwe moja moja, nikaziacha pembeni kwenye mfuko nije kuzipika. Nikarudi nyumbani kumchukua baba. Alikuwa amevaa koti alilovaa kwenye harusi yangu na amejipaka mafuta mengi kupita kiasi. Nilimkalisha mezani kwenye mwanga mzuri, kisha nikaenda nyuma, jikoni.

Sufuria yangu ilikuwa motoni, imejaa kambale na mchuzi wa karanga.

"Shikamoo mama," akasema mpishi, binti wa Kigwa tuliyemkodi mwaka huu. "Samaki walizidi, sufuria zikatuishia. Hii nikaikuta imekaa bure."

Imekaa bure. Nilitaka kuipiga teke imwagike yote. Lakini angejuaje? Nilijifuta mikono ambayo haikuwa imelowa, nikaenda kumwambia baba.

Nilimkuta ameshika simu mapajani. Alikuwa ametoka kuongea na rafiki yake.

"Mkewe anaumwa," alisema. "Hawakupanda ndege. Mwakani."

Nikamwambia na la sufuria. Akavuta harufu iliyokuwa inatoka jikoni.

"Waache wapakue. Watu wana njaa."

Akala kambale wa sufuria ile, akamsifu mpishi, na samaki wake mwenyewe aliponunuliwa kwenye mnada akapiga makofi. Nilidhani ningefurahi siku baba atakapoacha kumngoja yule mtu, kumbe niliumia kuliko yeye. Nilikwenda kulia nyuma ya jiko, nikasingizia moshi.

Asubuhi niliiweka sufuria chini ya bomba la uani nikaisugua kwa majivu, kisha kwa limao. Baba alikuwa amekaa kizingitini, uso ameuelekeza kwenye sauti ya maji. Harufu ya limao ilipopanda, niliacha kusugua. Nadhani tulikuwa tunamkumbuka mtu mmoja.

"Bado ipo?" akauliza.

Nikanusa vidole. "Ipo, baba."

"Basi iache. Kanunue nyingine."

Nilienda sokoni. Lile duka la vifaa sasa linauza simu, nikapita bila kuliangalia. Kwa muuza sufuria nikachagua ndogo, ya kumtosha mtu mmoja, maana moyoni nilikwisha amua kwamba hata huyo mmoja haji. Niliinunua ili kumridhisha mzee wangu, basi.

Nikampa aishike. Aliizungusha mikononi, akaipima kina kwa kiganja, akapitisha kidole kwenye ukingo kama anavyokagua ndoano.

"Hii ndogo, mama," alisema. "Mkewe akipona watakuja wawili."

Nikairudisha dukani, nikachukua kubwa.