Baba mkwe aliponing'oa gego la mwisho kupitia tundu la kaniki

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, kama mpo. Wengine marahaba.

Mimi ni mzee wa Mbebe, naandika kwa kidole kimoja, na haya yalinipata mwenyewe enzi za Mwingereza. Atakayesema ni chai, aje nimwoneshe pengo.

Nilikuwa nimemchumbia Tusekile wa Isongole, ng'ombe wameshapelekwa. Ilibaki siku ya kulishwa kuku ukweni. Kwetu wakati ule, kabla hujala kuku huyo hupanui mdomo mbele ya baba mkwe. Huli, hucheki, hata miayo unaimeza.

Basi gego la mwisho likaamua kuota. Lile mnaloita wisdom tooth. Langu halikusimama kama meno yenye adabu, lililala ubavu ndani ya fizi na kumsukuma jirani yake. Shavu likavimba, mdomo ukagoma kufunguka, uji nikawa naunywea pembeni.

Shangazi yake Tusekile akaniona gulioni. Akarudi na habari kwamba mchumba ana ugonjwa wa ukoo, uso umehamia upande mmoja, ng'ombe warudishwe mapema. Hapo niliogopa kweli. Nilimpenda yule binti, wakuu, tena sana.

Sasa chekeni. Dresa pekee, yaani mhudumu wa zahanati, mwenye koleo la meno pande zile alikuwa baba mkwe mwenyewe. Mwingine labda Tukuyu, na mimi hata kwenda kisimani kila hatua ilipiga jinoni.

Nikamtuma mshenga. Akazunguka weee kwenye habari za mvua na mahindi kabla ya kulitaja jino. Baba mkwe akajibu kwamba kutibu atatibu, ila mdomo wa mkwe hawezi kuutazama.

Aliyetuokoa ni mama yake baba mkwe, yaani bibi yake Tusekile, ambaye kwa utani wetu nilikuwa mume wake. Alichukua kaniki yake kuukuu, akaitoboa tundu, akanifunika kichwa chote. Ukabaki mdomo tu.

"Haya," akamwambia mwanawe, "hapa hakuna mkwe. Kuna tundu."

Baba mkwe hakusema na mimi hata neno.

"Mama, mwambie huyo apanue zaidi."

"Mume wangu, panua."

"Aaa."

"Mwambie aache kuning'ata kidole."

"Mume wangu, kiachie kidole, ni cha mkweo."

Sindano ya ganzi ilikuwepo, lakini nadhani iliingia kwenye kaniki. Akapasua fizi, akachokonoa, akavuta, goti lake kifuani pangu. Mtu ambaye sikuruhusiwa kupiga miayo mbele yake, kiganja chake karibu chote kilikuwa kinywani mwangu.

Lilipotoka nililia hadi majirani wakajaa uani, shangazi akiwa wa kwanza. Bibi akamwekea jino mkononi alikague. Habari za ugonjwa wa ukoo ziliishia hapo, ingawa shangazi alinuna mpaka mavuno.

Siku ya kuku ikafika. Nilikula paja zima, polepole, kwa upande wa kulia. Baba mkwe alitazama ukuta, mimi nikatazama mkeka, kama watu ambao hawajawahi kuonana. Kisha akauuliza ule ukuta, taratibu:

"Kule nyuma kushoto bado kunatoa damu?"

Nikaujibu mkeka, "Hapana, baba."

"Basi binti ni wako," akauambia ukuta.

Nilitaka kumkumbatia. Nikaukumbatia mkeka kwa macho, nikameza kuku na machozi pamoja.

Funzo, vijana: gego la mwisho likianza fujo, kapigeni picha, ling'olewe mapema, lisiwasubirie siku ya posa. Na kama daktari wa meno ana binti mzuri, amueni kwanza mnapeleka jino au mshenga.

Waliowahi kutibiwa na wakwe zao wajitokeze, nami nijue siko peke yangu.