Kamati ya Usafi wa Boma

Pelagia hakulijenga boma lake, wala hakuwahi kudai kalijenga. Lilijengwa na Mjerumani: ukuta wa mawe unaomzidi mtu kimo, matundu membamba ya kutolea mitutu ya bunduki, kona moja imebomoka. Mawe yenyewe aliyabeba babu yake, Ntibankiza, akiwa kijana, kichwani, bila hiari na bila ujira, na mpaka anakufa nywele hazikuota tena pale utosini. Mjerumani alipokimbia, hakuna aliyelitaka tena. Kisha mwaka aliofiwa na mume, fisi walivunja zizi la miti la Pelagia wakala mbuzi watatu, ndipo akawahamishia waliobaki ndani ya mawe. Sasa walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake. Ndio waliomsomeshea watoto, na watoto walipoondoka, ndio aliokuwa akiongea nao.

Basi ikaja barua kutoka wilayani: wageni watatembelea boma la kijiji, liandaliwe. Kila mtu upande huu wa Kitanga ukimtajia boma anajua unasema lile la Mjerumani. Lakini Longinus, mtendaji wa kijiji, alikuwa ameletwa kutoka Manyara, na kwao boma ni mahali ng'ombe wanapolala. Tena alikuwa ametoka semina ya ufugaji bora wiki ile ile, begi la semina bado liko begani. Nani angemwambia kitu! Na wenyeji walipoona kumeundwa kamati, na kamati ina soda, wakanyamaza zao.

Kamati ikazaa kamati ndogo ya mapokezi, hiyo nayo ikazaa kamati ya viti. Vikao sita, jamani, vya kujadili zizi! Kwanza lilichaguliwa zizi la Sylvesta, mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu ni la mwenyekiti. Siku ya ukaguzi likaanguka lenyewe, bila kuguswa na mtu. Ndipo wakapanda kilima kwa Pelagia.

"Mwakeye, mama," alisema Longinus, ambaye Kiha chake kiliishia hapo. "Boma lako ni la mfano. La mawe kabisa! Fundi ulimpata wapi?"

"Mjerumani."

"Hawa Wazungu wa miradi wanasaidia sana," alisema Longinus, akaandika kwenye daftari.

Wakaleta chokaa, wakaupaka ukuta wa mbele mpaka nusu, ndoo ikaisha. Wakataka kuziba matundu kwa saruji, ati vitoto vya mbuzi visipigwe na baridi. Hapo Pelagia alisimama na jembe lake mkononi, akawaambia atakayeziba tundu atazibwa yeye. Matundu yakaachwa.

Mgeni mkuu alikuwa Anifa, afisa wa mambo ya kale. Alishuka garini, akautazama ule ukuta mweupe, akashika mdomo.

"Nani kaipaka chokaa ngome ya Wajerumani?"

Longinus alikuwa ameshaifungua hotuba yake kuhusu homa ya mapafu ya mbuzi. Akaikunja taratibu. "Mheshimiwa," alisema, "mimi hawa nimewaambia siku nyingi kwamba hii ni ngome." Mwongo mkubwa, na jasho linamtoka!

Anifa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kanuni zake. Ngome ni mali ya taifa, mbuzi watoke ndani ya siku saba. Pelagia akamsogelea.

"Mwanangu, hawa wakitoka nani atapunguza nyasi?"

"Kutakuwa na kamati," alidakia Longinus.

Mbuzi wakarudi kwenye zizi la miti. Wiki ya tatu fisi wakaja, wakamchukua Redio, mwenye kelele, na Tulia, ambaye hakuwahi kutulia. Pelagia alilia waziwazi, na majirani wakaja kumpa pole wakidhani kafiwa. Alikuwa kafiwa kweli, akawakaribisha wakae.

Huko bomani kuliwekwa kibao cha kukataza watu kuingia. Kamati ilikaa mara mbili, ikapongezana, ikachagua mweka hazina. Hakuna aliyekuja na panga. Masika yakanyesha, nyasi zikafika kifuani, na mawe ya ile kona iliyobomoka yakaanza kuondoka mawili mawili. Sylvesta akapata zizi jipya la mawe, na hakuna aliyemuuliza fundi wake ni nani.

Kisha ikaja barua nyingine: Anifa anarudi keshokutwa, na safari hii ana wakubwa zake. Longinus akapanda kilima anahema.

"Mama Pelagia, wale mbuzi wako... nyasi si wanakula?"

"Ndiyo chakula chao."

"Basi waingie, hata kwa siku mbili tu."

"Niandikie barua. Yenye mhuri."

"Barua ya kuteua mbuzi?"

"Ya kuteua kamati ya usafi. Isiyo na mwisho wa siku mbili. Na majina uandike."

Longinus akatazama zile nyasi, akatazama saa yake, akaketi juu ya jiwe na kuandika juu ya goti. Diwani, Sikujua, Mama Shughuli, mpaka mbuzi wakatimia tisa.

"Ongeza Redio na Tulia."

"Si waliliwa na fisi hao?"

"Waliliwa kwa amri yenu. Andika."

Akaandika.

"Wa kumi na mbili, Ntibankiza."

"Huyo ndiye beberu?"

"Huyo ni babu yangu," alisema Pelagia. "Mawe haya yote unayoyaona aliyaleta kwa kichwa chake, na hakuna mtu aliyewahi kumwandikia barua."

Longinus akaacha kuandika. Aliutazama ukuta kutoka chini mpaka juu, na mkono ukampanda wenyewe utosini. Kisha akachana ile karatasi, akaanza nyingine, akaliandika jina la Ntibankiza juu kabisa, mbele ya Diwani: mwenyekiti. Akagonga mhuri.

Pelagia akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga, akafungua mlango wa zizi. Kamati ikaingia kazini.